UZI: Kabla hujapigia makofi "mitihani iwe ya kidijitali", uliza nani anamsahihisha msahihishaji

1/ Kila mara matokeo ya mtihani wa kitaifa yakitoka, hapa mtandaoni tunagawanyika pande mbili. Huku wanasema, "Waliiba." Kule wanasema, "Tulikatwa alama." Halafu mwanasiasa fulani anapanda jukwaani, anashika maikrofoni na kusema dawa ni moja tu: tuweke mfumo wa kidijitali. Makofi. Tunaenda nyumbani.

Leo nataka tukae na hiyo sentensi kidogo. Mfumo gani? Unafanya nini hasa? Na ukishawekwa, mimi na wewe tutajuaje kama unafanya kazi?

2/ Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji chama wala mwanasiasa. Ukitaka kumtetea mtu wako kwenye maoni, karibu, lakini jibu hoja.

Mimi si mtaalamu wa mitihani. Nasoma sayansi ya siasa. Ila ukiangalia vizuri, mtihani Kenya ni siasa kama uchaguzi ulivyo siasa. Kuna nafasi chache na watu wengi wanaozitaka. Aliyekosa anahitaji sababu ya kuamini kwamba amekosa kihalali. Asipopewa hiyo sababu, ataitafuta kwingine, na huko kwingine ndiko wanasiasa wanamngoja.

3/ Nianze na kosa langu mwenyewe.

Likizo nikiwa nyumbani Kiserian, humsaidia shangazi yangu kwenye saiba yake. Siku moja aliingia mwalimu wa sekondari msingi akiwa na karatasi ya alama za tathmini ya darasani. Alikuwa na orodha ya majina kwenye kompyuta, ya muhula uliopita, na karatasi mpya yenye alama. Alinisomea chache, simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Nikajiambia, si hii ni kazi ya kunakili tu? Nikaendelea peke yangu. Majina 43 kwenye kompyuta, majina 43 kwenye karatasi. Nikaingiza alama kutoka juu hadi chini, namba kwa namba. Dakika kumi, nimemaliza.

4/ Nilichokosa kuona ni hiki: mvulana wa namba 17 kwenye kompyuta alikuwa amehama shule. Kwenye karatasi hakuwepo. Na mwisho wa karatasi kulikuwa na msichana mpya. Mmoja ametoka, mmoja ameingia, idadi ikabaki 43.

Kwa hiyo kuanzia namba 17, kila alama ilipanda mstari mmoja juu ya mwenyewe. Aliyehama akapata alama. Msichana mpya hakuonekana popote. Watoto 26 wakapewa alama za wenzao.

5/ Sasa sikiliza sehemu iliyonitisha. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Idadi sawa, 43. Jumla sawa. Wastani sawa. Hakuna alama iliyozidi kiwango. Ungeweka programu yoyote ya kuhesabu, ingesema kazi ni safi.

Aliyeona ni mwalimu. Alirudi, akainama kwenye skrini, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hapana, kijana wangu. Huyu msichana hawezi kupata 9 kwa 40. Huyu ndiye hunisaidia kuwafundisha wenzake hesabu." Tukarudi nyuma, mstari kwa mstari, hadi tukafika namba 17.

6/ Ukiona kama ni kisa kidogo cha saiba, kumbuka alama hizo huenda wapi. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi wa Gredi ya 9 anafanya mtihani wa KJSEA. Kundi la kwanza lilifanya mwaka 2025, zaidi ya watoto milioni moja. Matokeo ya mwisho yana vipande vitatu: asilimia 60 ni mtihani wenyewe, asilimia 20 ni ule wa Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, ambazo walimu huzipakia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC.

Yaani sehemu ya tano ya safari ya mtoto kuelekea sekondari ya juu inapita kwenye vidole vya mtu anayeandika kwenye kompyuta. Mdogo wangu yuko Gredi ya 9. Siwezi kujifanya hii ni nadharia tu.

7/ Tuweke mambo sawa basi. Alama ya mtihani hupita mikono mitatu kabla ikufikie:

a) mkono wa anayesahihisha,
b) mkono wa anayejumlisha na kuingiza,
c) mkono wa anayetangaza.

Kosa linaweza kuingia popote hapo. Wizi pia. Lakini mijadala yetu hufanya kama kuna mkono mmoja tu. Mtu akisema "mfumo wa kidijitali", swali la kwanza ni: wa mkono upi?

8/ Mkono wa kwanza. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi ya 960,000. Kila mmoja hufanya angalau masomo saba, na masomo mengi yana karatasi mbili au tatu. Piga hesabu ya chini kabisa, karatasi mbili kwa kila somo: hizo ni zaidi ya karatasi milioni 13. Na zote zinasahihishwa na walimu wa kawaida, waliokusanywa kwenye vituo, mara nyingi shule za bweni, wakati wanafunzi wako likizo.

9/ Ukiuliza mwalimu aliyewahi kwenda, atakuambia kazi ina ngazi. Kuna msahihishaji mkuu wa karatasi. Chini yake kuna viongozi wa vikundi. Chini yao wasahihishaji. Siku za kwanza hawagusi karatasi zako. Wanakaa na mwongozo wa kusahihisha, wanajaribu karatasi chache pamoja, wanabishana: hili jibu tunalikubali ama hapana? Hadi wote wapime kwa kipimo kimoja.

Baadaye wanaingia kwenye mtindo wa mkanda wa kiwandani. Mwalimu mmoja anashika swali moja, analisahihisha, anampitishia mwenzake karatasi. Hakuna mtu mmoja anayeshika mtihani wako wote. Hilo ni jambo zuri. Ukimkera mtu kwa mwandiko wako, atakukata kwenye swali moja tu.

10/ Lakini watu huchoka. Insha ya asubuhi na insha ya saa mbili usiku hazisomwi kwa macho yaleyale. Kiongozi wa kikundi hupitia baadhi ya karatasi kuangalia kama watu wake wako sawa, ila hawezi kupitia zote. Na kuna miaka walimu wamelalamika hadharani kuhusu malipo na mazingira ya kazi katikati ya zoezi lenyewe. Sasa mtu amekasirika, amechoka, na mbele yake kuna karatasi yako. Hapo ndipo tunaomba haki itendeke.

11/ Na usidhani hili ni tatizo la Afrika. Mwaka 2018 Ofqual, wasimamizi wa mitihani kule Uingereza, walichapisha utafiti wao. Waliuliza hivi: mtahiniwa ana uwezekano gani wa kupata gredi ileile ambayo msahihishaji mwandamizi angempa? Katika Hisabati ilikuwa takriban asilimia 96. Katika Kiingereza, lugha na fasihi pamoja, ilikuwa takriban asilimia 52.

Soma tena. Mtihani uleule, mtoto yuleyule. Karibu nusu ya wakati, gredi ingeweza kuwa nyingine, na hakuna aliyeiba. Kupima insha ni kazi ngumu, basi. Kilichonivutia si hiyo namba. Ni kwamba wasimamizi wenyewe waliipima na kuiweka hadharani.

12/ Walipimaje? Hapa ndipo ile programu inaingia. Katika usahihishaji wa kwenye skrini, karatasi zinapigwa skani. Kompyuta inakata picha hizo swali kwa swali na kuwagawia walimu bila jina la mtoto wala la shule. Mwalimu anasoma kwenye skrini, anaandika alama, anabonyeza, linakuja lingine. Hakuna kujumlisha kwa mkono. Hakuna ukurasa wa nyuma uliosahaulika, kwa sababu programu haikubali ufunge karatasi kabla kila ukurasa haujaguswa.

13/ Ila utamu wenyewe ni ukaguzi. Wakubwa wa karatasi huchagua majibu kadhaa, wanayasahihisha kwa pamoja kwa makini, wanakubaliana alama. Halafu majibu hayo yanachanganywa kimyakimya na mengine. Mimi huyaita karatasi za mtego. Mwalimu hajui ni lipi. Akilifikia, programu inalinganisha alama yake na ile iliyokubaliwa. Akipishana nayo kidogo, sawa. Akipishana sana, au mara kwa mara, anasimamishwa. Kiongozi wake anaongea naye. Asiporekebika, anatolewa, na alizosahihisha zinarudiwa.

14/ Kuna na njia ya pili: swali moja kusahihishwa na watu wawili wasiojuana, kila mmoja peke yake. Wakikaribiana, alama inapita. Wakiachana, jibu linaenda kwa mtu wa tatu mwenye cheo. Hiyo hufaa zaidi kwa insha.

Na wakati wote huo, meneja anaona kwenye skrini yake: nani ni mkali kupita wenzake, nani ni mpole mno, nani amesahihisha majibu 200 kwa muda ambao wenzake wamefanya 60. Kila kubonyeza kunaacha alama ya nani, lini, na alibadilisha nini.

15/ Nani hutumia? Hong Kong ilianza na karatasi za lugha mwaka 2007. Baraza la Mitihani la Afrika Magharibi lina vituo vyake. Cambridge pia. Sasa fikiria: kuna shule za kimataifa hapo Karen na njiani kuja huku kwetu. Mtoto wa hapo akifanya mtihani wa Cambridge, karatasi yake huenda ikasomwa kwenye skrini, na msahihishaji wake anakaguliwa kwa karatasi za mtego. Jirani yake wa shule ya kutwa ya Kiserian anategemea macho ya kiongozi wa kikundi. Ubora wa ukaguzi umekuwa kitu cha kununuliwa. Hilo ndilo wanasiasa wangebishania, lakini silisikii.

16/ Tafadhali tusichanganye vitu viwili. Kusahihisha kwenye skrini SI kompyuta kusahihisha. Anayesoma bado ni mwalimu. Mashine inagawa kazi, inajumlisha na inamkagua yeye.

Kompyuta kusahihisha tulishawahi kuwa nayo. KCPE, iliyofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ilikuwa ya kuchagua jibu kati ya manne, na mashine ilisoma vile vijistari vya penseli. Insha na utungaji wa Kiingereza vilibaki kwa walimu.

17/ Na kuna kitu cha tatu, hatari zaidi: hesabu ya kompyuta kubadilisha gredi baada ya watu kumaliza kazi. Agosti 2020, mitihani ikiwa imefutwa kwa sababu ya korona, Uingereza ilitumia fomula kurekebisha makadirio ya walimu ya A level. Takriban asilimia 40 ya gredi zilishushwa. Fomula iliangalia historia ya shule, kwa hiyo mtoto hodari katika shule dhaifu aliburutwa chini na watangulizi wake. Vijana waliingia barabarani. Tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma.

Hiyo nayo ilikuwa "mfumo wa kidijitali". Ndiyo maana neno lenyewe halitoshi.

18/ Sasa turudi nyumbani, mwaka 2016. Karatasi za mwaka uliotangulia zilikuwa zimevuja, bodi ya KNEC ikavunjwa Machi, sheria zikakazwa. KCSE ya 2016 ikasahihishwa haraka, matokeo yakatoka tarehe 29 Desemba, jambo ambalo hatukuwa tumezoea. Gredi A zilikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 zikawa 141. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa zaidi ya 165,000. Wakawa 88,929.

19/ Maelezo yakawa mawili. La kwanza: wizi umeisha, huu ndio ukweli wetu. La pili: usahihishaji ulikimbizwa na watoto wakakatwa alama. Nimesikia watu wazima wakipigana kwa maneno juu ya jambo hilo ndani ya matatu ya Rongai, miaka mingi baadaye.

Kinachoniuma kama mwanafunzi wa siasa ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao angeweza kumwonyesha mwenzake chochote. Huyu anaamini serikali, yule haamini. Mjadala wenyewe uliishia hapo, kwenye nani unamwamini. Labda maelezo ya kwanza ndiyo sahihi kabisa. Lakini ukweli usioweza kukaguliwa hauna nguvu ya kumnyamazisha mwenye shaka.

20/ Mkono wa tatu nao una yake. Matokeo ya mwisho kabisa ya KCPE yalitoka tarehe 23 Novemba 2023. Baadhi ya wazazi walipokea ujumbe kwenye simu unaosema mtoto amefanya Lugha ya Ishara, wakati alifanya Kiswahili. Kulikuwa na malalamiko mengi, bungeni na mtandaoni.

Ona: karatasi inaweza kusahihishwa vizuri, alama ikaingizwa vizuri, halafu ikapotoka kwenye mlango wa mwisho. Ungekuwa na programu bora zaidi duniani ya kukagua wasahihishaji, isingegusa kosa hilo. Kama vile isingegusa langu la namba 17.

21/ Wakenya tuna msemo wetu wa siasa: "Fungua seva!" Umetumika kwa hasira na kwa mzaha. Lakini una wazo zito ndani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, na mojawapo ya mambo yaliyoiumiza tume ni kutotii kikamilifu amri ya kufungua mitambo yake ikaguliwe. Mahakama ilitaka kuona njia ambayo namba zilipita.

Mwaka 2022 tume ikaweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya wazi, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Vyombo vya habari vikajumlisha. Vijana na bando zao wakajumlisha. Watu bado walibishana, kesi ikaenda mahakamani tena. Lakini safari hii ungeweza kumwambia mtu: fungua fomu ya kituo chako, tuangalie pamoja.

22/ Swali langu kwenu: Fomu 34A ya mtihani ni ipi?

Ni karatasi ya mtoto iliyosahihishwa. Si ya kuwekwa hadharani, hapana, hiyo ni siri yake. Lakini yeye mwenyewe anapaswa kuiona. Leo anaona herufi moja kwa kila somo. Akiwa na shaka, njia ya kawaida ni kupitia kwa mkuu wa shule, na jibu likirudi, linarudi kama herufi tena. Unaombwa kuamini mara ya pili.

23/ Hili si wazo la ajabu. Agosti 2011, Mahakama ya Juu ya India iliamua, katika kesi iliyohusu bodi ya mitihani ya CBSE, kwamba karatasi ya majibu iliyosahihishwa ni habari chini ya sheria yao ya haki ya kupata habari, na mtahiniwa anaweza kuikagua yake. Majina ya wasahihishaji yakabaki siri kwa usalama wao. Kumbuka India ina watahiniwa wengi kuliko sisi. Uingereza nayo, shule inaweza kuomba nakala ya karatasi iliyosahihishwa.

24/ Kwetu sheria za kusimamia ombi kama hilo hazikosekani. Kifungu cha 35 cha Katiba: haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47: haki ya utendaji wa haki wa kiutawala, pamoja na kupewa sababu za uamuzi uliokuumiza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona data yako, na inayogusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Karatasi ya mtihani yenye jina langu, mwandiko wangu na alama zangu, kama si data yangu, ni ya nani?

25/ Nitende haki kwa upande wa pili, maana wana hoja.

Hoja ya gharama: kupiga skani karatasi zaidi ya milioni 13 si mchezo, na mwaka 2025 tulikuwa tukibishana hata nani alipe ada ya mtihani. Ni kweli. Ndiyo maana mtu asianze na kila kitu. Anza na Insha na Kiingereza, ambako wasahihishaji hupishana zaidi.

Hoja ya kesi: kila aliyepata D ataomba karatasi. Wengine wataomba, ndiyo. Wengi wakiona kosa lao kwa macho yao, wataenda zao. Uhasama mwingi hukaa gizani.

Hoja ya walimu: wataogopa kufuatiliwa. Hii naielewa. Lakini leo mwalimu mwangalifu na mwalimu wa haraka wanatupiwa lawama sawa, na yule mwangalifu hana cha kujitetea nacho. Rekodi inamlinda yeye pia. Na walipwe kwa wakati. Huwezi kununua programu ya mabilioni kumkagua mtu usiyemlipa.

26/ Halafu kuna hoja ambayo wanaotetea kidijitali hawaisemi: kampuni. Programu hizi mara nyingi ni za kukodi. Data ya watoto wetu itakaa kwenye seva ya nani, nchi gani? Mkataba ukiisha, rekodi zinabaki na nani? Umeme ukikatika siku ya kusahihisha, kuna mpango gani? Kuanzia Kona Baridi ukishuka kuelekea Magadi, kuna mahali simu inatafuta mtandao hadi inachoka. Mfumo unaofanya kazi Nairobi tu si wa kitaifa.

27/ Kwa hiyo siku mwanasiasa yeyote, wa upande wako au wa upande mwingine, akikuahidi mitihani ya kidijitali, muulize haya matano:

– Unarekebisha mkono upi: kusahihisha, kuingiza au kutangaza?
– Msahihishaji atakaguliwa kwa kipimo gani, na akipotoka, karatasi alizogusa zinarudiwa?
– Kiwango cha makosa kitachapishwa kila mwaka, hata kikiwa cha aibu?
– Mtoto ataona karatasi yake, kwa siku ngapi na kwa bei gani?
– Mkataba na kampuni utakuwa wazi?

Akijibu matatu, huyo amefikiria. Akikuambia "teknolojia itamaliza wizi" na kuishia hapo, amekuuzia jina tu.

28/ Msimamo wangu, ili msiseme nimekwepa: naunga mkono usahihishaji wa kwenye skrini wenye karatasi za mtego. Lakini kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, kati ya programu hiyo na haki ya mtoto kuona karatasi yake, ningechagua karatasi. Programu inamwezesha baraza kumkagua mwalimu. Karatasi inamwezesha mtoto kulikagua baraza. Hatujawahi kukosa watu wa kukagua walio chini.

29/ Nimalizie pale saiba. Tulipogundua kosa, yule mwalimu hakunigombeza. Alivuta kiti, akafungua daftari lake, akasema tuanze upya: yeye anasoma jina na alama, mimi narudia jina na alama kwa sauti, ndipo naandika. Majina 43. Ilituchukua karibu saa nzima, na wateja walikuwa wanangoja kuchapisha vitu vyao.

Kosa liligunduliwa kwa sababu alimjua yule msichana. KNEC haiwezi kuwajua watoto milioni moja. Anayemjua mtoto ni mwalimu wake, mzazi wake, na mtoto mwenyewe. Hao watatu ndio, kwa sasa, hawaonyeshwi karatasi.

30/ Uzi umeisha. Kama wewe ni mwalimu uliyewahi kusahihisha na kuna mahali nimekosea, nirekebishe hapo chini, nitaweka marekebisho yako juu ya uzi. Kama uliwahi kulalamikia matokeo, tuambie ulijibiwa nini, bila kutaja jina la mtu. Na kama una mtoto wa Gredi ya 7 au ya 8, wiki hii nenda shuleni, uombe kwa upole kuona alama zake za tathmini kabla hazijapakiwa. Angalia kwanza kama jina ni lake.